Mwanafunzi wa Chuo Hakosi Muda wa Kupika, Anakosa Mahali

Tangu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, ukilenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, habari za jikoni zimepanda hadi kwenye majukwaa ya siasa. Mama lishe wanakabidhiwa mitungi ya gesi mbele ya kamera, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Katika picha hiyo yote mwanafunzi wa chuo hayumo. Yeye hutajwa kwingine kabisa, kwenye tangazo linalobandikwa mabwenini muhula unapofunguliwa, likimkumbusha kwamba ni marufuku kupika chumbani na kwamba kifaa kitakachokutwa kitachukuliwa. Hutajwa pia mitandaoni, pale vijana wanaporusha video za mapishi ya geto, sufuria moja juu ya jiko la koili pembeni ya kitanda, na watu wazima wakawajibu kwa somo lile lile: tatizo lenu ni kutopanga muda, mkijipangia ratiba mtapika, mtafua, mtashona na mtasoma.

Nadhani somo hilo limeanzia mahali pasipo pake. Mwanafunzi wa kawaida anazo saa za kutosha kupika chakula cha kueleweka mara tatu au nne kwa wiki, na zikabaki nyingine za kushona, kufuma au kutengeneza kitu kwa mikono yake. Asichokuwa nacho ni mahali: jiko linaloruhusiwa, soketi isiyo ya hatari, bomba la kuoshea vyombo, kabati lisiloingia panya, na meza ambayo kazi iliyoachwa nusu saa nane mchana itakutwa palepale saa mbili usiku. Tunapomhubiria ratiba, tunamdai mtu mmoja mmoja deni ambalo ni la jengo.

Tuanze na hesabu ya muda, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi na kupigwa mara chache. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za mihadhara, semina, maabara na kujisomea mwenyewe, na mwaka wa shahada ya kwanza ni krediti 120. Muhula mmoja basi ni saa 600. Zigawe kwa majuma 15 na unapata saa 40 kwa juma, sawa na ajira ya kawaida. Juma lina saa 168. Ondoa hizo 40, ondoa 56 za kulala saa nane kila usiku, na zinabaki 72. Hata ukimpa mwanafunzi anayepanga mbali na chuo saa tatu za daladala kila siku, bado anabaki na 51 za kula, kuoga, kusali, kucheza mpira na kuperuzi simu. Najua wapo ambao hesabu hii haiwagusi. Mwanafunzi wa udaktari aliye kwenye mzunguko wa wodini, au mwalimu anayesoma jioni baada ya kufundisha asubuhi, hana saa hizo 51, na kumwambia apike ni kumdhihaki. Lakini wengi wa wanaolalamika kukosa muda hawamo katika makundi hayo, nao hawasemi uongo. Wanaeleza kitu halisi kwa jina lisilo lake.

Kitu hicho ni muda unaoliwa na zana duni. Chukua maharage, kwa kuwa ndiyo msingi wa sahani ya mwanafunzi kutoka Bukoba hadi Mtwara. Yakilowekwa usiku na kuinjikwa kwenye jiko la mkaa, yatachukua saa mbili au zaidi, na katika saa hizo lazima mtu awepo, aongeze maji, achochee, aangalie moto. Maharage yale yale katika jiko la presha la umeme yanaiva kwa chini ya saa moja, na mpishi anaweza kuwa ameketi chumba cha pili akisoma kwa sababu jiko linajizima lenyewe. Kazi ya mikono, yaani kuchagua mawe, kuosha, kukata kitunguu na kukaanga nyanya, ni dakika 20 katika njia zote mbili. Saa nzima na ushee inayobaki ni kodi ya jiko, na hakuna ratiba iliyobuniwa vizuri kiasi cha kuifuta. Hata kwa fedha, umeme hauogopeshi kama inavyodhaniwa. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ya TANESCO, shilingi 1,000 hununua takriban uniti 2.8. Jiko la presha likitumia nusu uniti kwa sufuria moja ya maharage, hiyo ni shilingi zisizofika 200, nazo zinagawanywa kwa sahani tano au sita. Sijui kijana anayenunua mkaa kwa kopo ambaye anaipata bei hiyo, maana anayenunua kidogo kidogo siku zote hulipa zaidi ya anayenunua gunia.

Kwa nini basi vyuo vyetu vilijengwa bila majiko ya wanafunzi? Jibu liko katika historia ambayo wanaokumbuka zamani huisahau nusu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini alilishwa. Serikali ililipa masomo, malazi na chakula; ukumbi wa kulia ulikuwa sehemu ya bweni kama vitanda, na mpishi alikuwa mwajiriwa. Bweni la namna hiyo halikuhitaji jiko katika kila ghorofa, na wasanifu hawakuliweka. Ilipokuja sera ya kuchangia gharama, kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, chakula kiligeuzwa kuwa fedha. Mwanafunzi alipewa posho ya kujikimu, ile anayoiita "boom", na kumbi za kulia zikawa kafeteria za wazabuni. Posho hiyo imepanda hatua kwa hatua, na ongezeko la miaka ya karibuni limeitoa kwenye shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, zikiwa za chakula na malazi kwa pamoja. Lakini majengo hayakubadilika pamoja na sera. Mabweni mapya nayo yalirithi ramani ya zamani: tunajivunia idadi ya vitanda, kama zile nafasi 3,840 za mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017, na mjadala wa mabweni huishia kwenye vitanda. Tumempa mwanafunzi fedha ya kujilisha, tukamnyima mahali pa kujilishia, kisha tukashangaa kwa nini anaficha jiko uvunguni.

Yupo pia mwanafunzi mwenyewe na malezi yake. Wengi wanaofika chuo wametoka shule za bweni, ambako tangu kidato cha kwanza hadi cha sita wamekula ugali na maharage vilivyopikwa na watu wengine kwenye masufuria ya kimo cha mtoto. Likizo ndizo zilikuwa nafasi pekee ya kushika mwiko, nazo zilikuwa za masomo ya ziada. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na karakana, na sayansikimu ilikuwa somo lenye heshima yake, lakini mtihani haukuwahi kuyapenda mambo hayo, na kinachopendwa na mtihani ndicho kinachofundishwa. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na ni jambo jema. Kuna kichekesho kidogo hapo, kwamba kijana atahitimu amali ya upishi au ushonaji, aende chuoni, na siku ya kwanza akabidhiwe karatasi inayomwambia kwamba sufuria na pasi ni vitu vya magendo.

Wanaotetea marufuku wanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa hoja yao kuu ni ya kweli. Jiko la koili la wati 1,500 linavuta karibu ampea 6.5 kwenye umeme wa volti 230. Vyumba kumi vya ghorofa moja vikiwasha majiko hayo saa moja usiku, ni ampea 65 juu ya nyaya ambazo mara nyingi ziliwekwa kwa ajili ya taa, pasi moja moja na chaji za simu. Breka ikikatika, atatafutwa "fundi" wa kuweka kubwa zaidi, na hapo ndipo ulinzi unapokwisha, kwa sababu sasa waya utaungua kabla breka haijastuka. Moto wa bwenini huanzia hapo: kwenye kebo ya kurefushia yenye soketi nne na majiko mawili, chini ya godoro la sponji. Kwa waliopanga mtaani hatari ni nyingine na ni ya kimyakimya. Mkaa unaoachwa ufuke ndani ya chumba kilichofungwa usiku wa baridi, Iringa au Mbeya, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ambayo mtu akishaanza kuhisi kichwa kizito huenda hana tena nguvu ya kufikia mlango. Mshauri wa wanafunzi anayekagua vyumba na kuondoka na hita za maji si mkorofi. Amebebeshwa roho za watu mia kadhaa juu ya nyaya za zamani.

Ila tuitazame hoja hiyo inafika wapi. Inathibitisha kwamba kupika chumbani ni hatari; haithibitishi kwamba kupika bwenini ni hatari. Chumba kimoja kwa kila ghorofa, chenye nyaya zake nene, breka yake, madirisha mawili yanayotazamana, sinki, ndoo ya mchanga na kizima moto, na majiko manne ya presha yanayolipiwa kwa LUKU ya chumba hicho peke yake, kinaondoa karibu kila kitu anachokiogopa mshauri wa wanafunzi. Marufuku bila chumba hicho haijapunguza majiko. Imeyahamishia gizani, chini ya kitanda, mahali ambapo jiko huzimwa kwa haraka na kufunikwa kwa nguo likiwa bado la moto pindi mkaguzi anapobisha hodi. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya usalama imezaa namna ya kupika iliyo ya hatari kuliko zote.

Hoja ya pili haitoki kwa wakubwa wa chuo, inatoka kwa anayejua bei ya nyanya. Inasema: mwacheni mwanafunzi asome na mama ntilie apike. Mama ntilie anapika sahani 60 kwa moto mmoja, ananunua mchele kwa gunia, ana watoto wa kusomesha, na hakuna kijana atakayepika sahani moja kwa gharama ndogo kuliko sehemu yake ya sufuria ile. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, na kwa chakula cha mchana naikubali moja kwa moja. Anayetoka kwenye mhadhara saa saba na ana mwingine saa nane hana sababu ya kukimbilia jikoni. Tatizo ni jioni na ni mwisho wa muhula. "Boom" huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna majuma ambayo mwanafunzi hushuka kutoka milo mitatu hadi miwili, kisha hadi chapati na chai ya mchana inayoitwa mlo kwa heshima tu. Posho ya 10,000 ukiitoa kodi ya chumba, tuseme cha 90,000 kwa mwezi, inabaki 7,000, na bado hujapanda gari wala kutoa nakala ya kitini. Mama ntilie, kwa wema wake wote, hauzi kwa gramu. Lakini debe la mchele, kilo tano za maharage na dagaa wa Kigoma waliokaushwa, vikinunuliwa siku fedha inapoingia, vinakaa ndani na kusubiri. Jiko la pamoja ni akiba ya mwenye kipato kinachoruka. Zaidi ya hapo, kipimo sahihi hakikuwa kamwe mpishi mmoja dhidi ya mama ntilie mmoja. Wanafunzi sita wanaochanga na kupika kwa zamu nao wana sufuria kubwa.

Nilikaa katika kundi la namna hiyo nikiwa mwaka wa pili, watu sita, karatasi ya zamu imebandikwa nyuma ya mlango kwa gundi ya unga. Lilivunjika juma la tano. Sababu haikuwa upishi, kila mtu alipika siku yake na mmoja wetu alikuwa na mkono wa ajabu kwenye mchuzi wa nazi. Lilivunjika kwa vyombo. Maji yalitoka ghorofa ya chini tu na kwa saa chache, sufuria lenye ukoko likilala chafu lilimkuta mpishi wa kesho, na ugomvi ukaanzia hapo. Tangu wakati huo, ninaposikia mtu akieleza mipango ya kupika kwa wanafunzi bila kutaja bomba na sinki, najua hajawahi kuosha sufuria la watu sita kwa lita tatu za maji.

Hoja ya tatu ni ya wanawake, na sioni namna ya kuikwepa. Katika mageto mengi ya mchanganyiko, "tupike pamoja" hutafsiriwa kuwa dada apike na kaka walete unga. Msichana aliyekwenda kusoma uhandisi anajikuta ameolewa na jiko la watu wanne. Anayesema kwamba kurudisha upishi kwenye maisha ya chuo kutarudisha mzigo juu ya mabega yale yale ana ushahidi wa karne upande wake. Nachoweza kujibu ni kwamba hali ya sasa ndiyo inayomwonea zaidi. Upishi wa chumbani haramu hauna kanuni, na pasipo kanuni desturi hushika usukani. Jiko la ghorofa lenye daftari, ambamo zamu huandikwa kwa namba ya chumba na siyo kwa jinsia, na asiyepika wala kuosha hali chakula, haliondoi ubaguzi lakini linauweka hadharani, na uvivu wa hadharani hukosa mtetezi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo yenye sauti kubwa zaidi: sisi tulisoma bila kupika na tukafaulu, nyinyi mnataka mapochopocho. Nimeshaeleza kwa nini haisimami. Aliyesoma miaka ya 1970 au 1980 hakupika kwa sababu alipikiwa, kwa fedha za wakulima wa pamba na kahawa, na shati lake lilifuliwa katika chuo ambacho hakikuwa na wanafunzi wengi kuliko kata moja ya leo. Kulinganisha nidhamu yake na ya kijana anayegawa 7,000 kwa siku ni kulinganisha abiria na dereva. Wapo pia wazazi wanaosema kwa upole zaidi, "Mwanangu, umekwenda kusoma, hukwenda kupika," na katika sentensi hiyo kuna mapenzi, lakini kuna pia dhana kwamba mtu anayesoma hali chakula.

Kazi za mikono zinahitaji maneno yake, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo upishi peke yake hauonyeshi. Tunazungumza kana kwamba kila kazi ya mikono inahitaji karakana na siku nzima. Lakini ufundi wa pwani yetu ulikuzwa na watu wenye shughuli, na umbo lake linaonyesha hivyo. Mkeka hausukwi ukiwa mkeka. Husukwa kwanza ukili, utepe mwembamba ambao mwanamke anaweza kuusuka akiwa barazani, akizungumza, akichunga mtoto, akauviringisha na kuuweka kando anapoitwa. Ni baadaye, siku ya nafasi, ndipo vipande vya ukili hushonwa pamoja. Kofia ya mkono ya Unguja au Lamu nayo hushonwa tundu kwa tundu kwa majuma mengi, ikikunjwa na kutiwa mfukoni kati ya kazi moja na nyingine, na wanaume wengi wameishona bila mtu kuwauliza kama wana muda. Hizi ni kazi zinazokubali kukatizwa. Ndivyo ulivyo pia ufumaji wa vitambaa vya makochi kwa sindano moja na bunda la uzi, udarizi wa foronya, au ushanga. Mwanafunzi ambaye siku yake imekatwakatwa na mihadhara anafaana zaidi na ukili kuliko na cherehani, na dakika 25 za kusubiri mhadhiri aliyechelewa zinatosha safu mbili za kufuma. Hata mabwenini, ufundi unaostawi kuliko wote ni kusuka nywele, kazi ambayo inahitaji kiti kimoja, kitana na mazungumzo, na ambayo imelipia nakala nyingi za vitini.

Kinyume chake, kazi ambazo video za mitandaoni huzisifu zaidi, kama sabuni ya maji, batiki na mishumaa, zinahitaji ndoo, moto, rangi isiyomwagika kwenye shuka la jirani na kemikali ambazo hazipaswi kukaa katika chumba wanacholala watu wanne. Magadi makali ya kutengenezea sabuni ya mche yanaunguza ngozi na macho. Hapo tena tatizo halikuwa saa, ni mahali. Ninashuku wengi wanaoacha kazi hizi baada ya juma moja na kujilaumu kwa uvivu walichagua kazi ya karakana wakiwa na kitanda tu.

Kipo kifaa kimoja ambacho kinaunganisha mambo haya mawili, na nashangaa hakizungumzwi zaidi: kikapu cha kupikia. Ni kapu la kawaida, la miyaa au la plastiki, lililotandikwa ndani kwa tabaka nene la sufi, vitambaa vikuukuu au vipande vya blanketi vilivyoshonewa kwenye mfuko, na mto wa kufunika juu. Sufuria iliyochemka huwekwa ndani ikiwa na mfuniko wake, na joto lisilopata pa kutokea humalizia kazi. Wali huchemshwa dakika chache tu, kisha hukaa kapuni nusu saa au zaidi. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu angalau dakika 15, na hili si la kupuuzwa kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli na siyo na uvuguvugu; halafu huachwa kapuni saa nne au tano, muda wa mihadhara miwili, na yakitolewa huchemshwa tena kidogo kabla ya kuungwa. Jiko limewashwa dakika 20, mpishi hakuwepo, na chakula kimeiva. Kushona kapu lenyewe ni kazi ya jioni mbili tatu, kwa sindano ya mkono. Halizuii moto wa bwenini peke yake, kwa kuwa bado kunahitajika pa kuchemshia, lakini linabadilisha hesabu ya jiko la ghorofa: mahali ambapo jiko moja lingehudumia kundi moja kwa jioni, sasa linaweza kuhudumia makundi manne au matano yanayopokezana.

Nitaje na lisilotatuliwa na kapu wala presha, yaani kiporo. Bila friji, wali uliobaki usiku na kuachwa kwenye joto la Dar es Salaam hadi asubuhi unaweza kuota bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiupasha hadi uungue. Ndiyo maana ushauri wa kupika Jumapili chakula cha juma zima, unaovuma katika nchi zenye friji kila chumba, haufai kuletwa hapa kama ulivyo. Cha kwetu ni kuandaa vikavu: dagaa waliochaguliwa na kukaangwa bila maji, karanga zilizosagwa, mlenda wa unga kama wafanyavyo Wagogo wa Dodoma, maharage yaliyokwisha chaguliwa mawe na kupimwa kwenye mifuko ya siku moja moja. Bibi zetu walihifadhi kwa jua na chumvi. Hayo ndiyo maandalizi ya Jumapili ya mtu asiye na friji, na yanataka rafu na ndoo yenye mfuniko tu.

Ikiwa haya ni kweli, yapo mambo yanayofuata kwa watunga sera. Chuo kinachojenga bweni jipya leo bila jiko la ghorofa kinajenga marufuku mpya ndani ya ramani. Bweni la zamani lina karibu kila mara chumba kimoja cha chini kilichojaa vitanda vilivyovunjika, na kukisafisha, kukivutia laini yake ya umeme na kukiwekea sinki ni gharama ya kawaida katika bajeti ya ukarabati. Serikali za wanafunzi, ambazo kampeni zao hurudia kila mwaka ahadi ya kushusha bei ya sahani kafeteria, zingekuwa na dai linalopimika zaidi, na zingekuwa na kazi ya kweli ya kusimamia daftari la zamu. Na Wizara ya Nishati, inayotafuta pa kuyapeleka majiko ya umeme, ina kundi la watu ambao tayari wanaishi chini ya paa lenye umeme, hawana jiko la mkaa la kurithi kutoka kwa mama mkwe, na wako tayari kujaribu chochote kinachowaokolea saa.

Wapinzani watasema wanafunzi ni wachache mno kuliko kaya za vijijini zinazopika kwa kuni, na kwamba fedha ya umma iende kwanza huko. Kwa idadi wako sahihi. Ila mkakati huu ni wa miaka kumi. Kijana aliyekuwa na miaka 21 mwaka 2024, akiwa mwaka wa pili chuoni, atakuwa na miaka 31 mwaka 2034, amepanga au amejenga, ana watoto, na ndiye atakayeamua kama nyumba yake itanunua gunia la mkaa au uniti. Sasa hivi anajifunza kupika kwa jiko la koili lililofichwa uvunguni, au kwa kopo la mkaa nje ya mlango wa geto, na pengine hajifunzi kabisa.